Mwalimu wa Mbali na Msomaji wa Karibu: Historia Fupi ya Kujifunza Kuandika katika Karagwe

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilipokea andiko la utafiti kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa theologia, mzaliwa wa Mabira. Mada yake ilikuwa historia ya usharika wake. Mabira ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera; kabla wilaya hiyo haijaanzishwa mwaka 2012, eneo hilo lote lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Andiko lenyewe lilipendeza kwa jicho. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka, tanbihi zake zilipangwa kwa kanuni, na kila aya ilianza kwa sentensi iliyotangaza jambo litakalofuata. Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho nilitambua kwamba sikuwa nimekutana na mtu hata mmoja wa Mabira. Ningaliweza kulifuta jina la Mabira na kuweka jina la usharika mwingine wowote wa Afrika Mashariki, na hakuna sentensi ambayo ingalihitaji kubadilishwa.

Nilimwita tukazungumza. Hakuwa mvivu. Wakati wa likizo alikuwa akipanda kilimani jioni ili simu yake ipate mtandao, naye alijifunza humo namna ya kuandika utangulizi, namna ya kuunganisha aya, na namna ya kutaja vitabu. Aliniambia, "Mchungaji, nilifuata kila hatua waliyofundisha." Nikaamini, kwa kuwa hatua zote zilionekana. Ndipo nikamwuliza, "Kabla ya kuleta kwangu, ni nani aliyekusomea?" Akafikiri kidogo, akajibu kwamba hakuna.

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Katika vyuo vyetu mara nyingi twazungumza juu ya masomo ya uandishi yapatikanayo kwenye mtandao kana kwamba ni jambo jipya kabisa: wengine huyasifu kama ukombozi, wengine huyaogopa kama mlango wa wizi wa maandishi. Mimi napendekeza tuyatazame kwa jicho la historia. Watu wa Karagwe wamekuwa na mwalimu wa mbali kwa zaidi ya miaka mia moja, ingawa amewajia kwa sura mbalimbali: kitabu, gazeti, posta, na sasa simu. Nitajaribu kuonyesha kwamba mwalimu huyo amezaa matunda mema pale alipokutana na msomaji wa karibu, yaani mtu anayelisikiliza andiko na kumwuliza mwandishi maswali.

2. Karagwe iliyoandikwa na wageni

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba Karagwe iliandikwa kabla haijajiandika. Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika. Grant alikuwa na ugonjwa wa mguu, akabaki huko miezi kadhaa baada ya mwenzake kuendelea na safari ya Buganda. Wote wawili waliandika kila siku waliyoyaona, na vitabu vyao vilitolewa Uingereza mwaka 1863 na 1864. Henry Morton Stanley alifuata mwaka 1876. Wakati huo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makazi yao Kafuro, si mbali na makao ya mfalme. Kwa hiyo kalamu na karatasi havikuwa vitu visivyojulikana katika nchi ile.

Hata hivyo wasomaji wa vitabu vya Speke na Grant walikuwa London. Hakuna mzee wa Karagwe aliyesomewa kurasa zile ili aseme, "Hapa umekosea." Makosa yaliyoandikwa mwaka 1863 yaliweza kusafiri kutoka kitabu kimoja hadi kingine bila kuzuiwa, kwa sababu wale waliojua ukweli wa mambo hawakuwa miongoni mwa wasomaji.

Ilipita zaidi ya karne moja ndipo mwanahistoria Mtanzania, Israel Katoke, alipotoa mwaka 1975 kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe. Mwaka mmoja kabla yake, 1974, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa ametoa kitabu chake juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu. Naye Francis Lwamgira alikuwa ametangulia wote wawili, kwa kuwa historia yake ya Kiziba na wafalme wake, iliyoandikwa kwa Luhaya, ilichapishwa mwaka 1949. Watu hawa walitumia kanuni za uandishi zilizotoka mbali, lakini waliandika wakijua kwamba jirani zao wangeweza kuwasoma na kuwabishia.

3. Wasomaji wa kwanza

Injili iliingia katika nchi ya magharibi ya Ziwa Viktoria ikiwa pamoja na kitabu. Katika Buganda, na baadaye katika Buhaya, Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Wahaya waliokwenda Uganda kwa kazi na biashara walirudi na vitabu vya Luganda, wakakutana kuvisoma pamoja hata kabla wamisionari wa Kilutheri hawajafika. Ernst Johanssen na wenzake wa misheni ya Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari kuna watu wanaosoma.

Jambo la kuzingatia hapa ni namna walivyosoma. Kitabu kilikuwa kimoja na watu wengi. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, wakauliza maana ya neno, wakabishana. Lugha ya kitabu haikuwa lugha ya nyumbani, hivyo kila sentensi ilibidi ifafanuliwe kwa maneno mengine. Leo mwanafunzi wa Mabira huzungumza Kinyambo nyumbani, husali na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huandika andiko lake la chuo kwa Kiingereza. Wale wasomaji wa kwanza waliijua kazi hiyo ya kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, nao waliifanya katika kundi.

Nami naweza kutoa ushuhuda mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, bibi yangu ambaye hakujua kusoma alikuwa akiniita nimwandikie barua kwa mwanawe aliyefanya kazi Mwanza. Yeye alisema kwa Kinyambo, mimi niliandika kwa Kiswahili, halafu alinitaka nimsomee kwa kumgeuzia tena. Siku moja nilipamba barua kwa salamu ndefu tulizofundishwa shuleni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo ni maneno ya mwalimu wako. Mimi nilisema ng'ombe amekufa." Nilifuta, nikaandika kwamba ng'ombe amekufa. Tangu siku hiyo sijapata mhariri aliyemzidi.

4. Kisomo na posta

Baada ya uhuru mwalimu wa mbali alikuja kwa mpango wa taifa. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vya kusomea vilifungamanishwa na kazi za watu, kama vile kilimo cha pamba na cha migomba. Mnamo mwaka 1970 watu wazima wasiojua kusoma katika Tanzania walikadiriwa kuwa 67 kwa mia. Kwa hesabu za serikali walikuwa wamepungua hata chini ya 10 kwa mia mwaka 1986. Vitabu vilitungwa mbali na vijiji, lakini kila darasa lilikuwa na mwalimu aliyekaa kijijini, mara nyingi mkulima mwenzao, na watu walisoma mbele yake.

Katika miaka hiyo ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha pia masomo kwa njia ya posta. Baadaye, mwaka 1992, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwanafunzi wa posta alipokea kitabu, akaandika majibu, akayatuma, akangoja. Baada ya majuma kadhaa bahasha ilirudi ikiwa na maandishi ya wino mwekundu. Wengi walichoka njiani, na sababu yaeleweka: swali lililoulizwa mwezi wa tatu lilijibiwa mwezi wa tano, wakati mwulizaji ameshasahau kwa nini aliuliza. Lakini wino ule mwekundu ulikuwa wa mtu aliyesoma andiko lile mahususi, la mwanafunzi yule mahususi.

5. Nguzo za uzio

Kanisa nalo lilipata mafunzo yake katika jambo hili. Mwaka 1963 seminari moja ya Kipresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba viongozi halisi wa sharika zake hawawezi kuacha mashamba na familia zao kwa miaka mingi ili waje chuoni. Ikaamua kuwapelekea masomo huko waliko. Huo ndio mwanzo wa elimu ya theologia kwa enezi, ambayo katika miaka ya 1970 ilienea katika nchi nyingi za Afrika.

Mwalimu Mmarekani Ted Ward alieneza mfano mzuri wa kueleza mpango huo: uzio wa reli mbili. Reli moja ni kitabu ambacho mwanafunzi hujisomea nyumbani. Reli ya pili ni utumishi wake katika usharika. Nguzo zinazozishika reli hizo ni mikutano ya mara kwa mara, ambapo wanafunzi na mwalimu hukaa pamoja na kuulizana: uliyoyasoma yanahusiana vipi na uliyoyaona? Uzio usio na nguzo hulala chini, hata kama reli zake ni za mti mgumu. Naomba msomaji auweke mfano huu moyoni, kwa maana tutauhitaji tufikapo kwenye mtandao.

6. Mtandao ulipofika

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 2000 mtandao katika Tanzania ulitegemea sana setilaiti, nao ulikuwa ghali na wa polepole. Mtu wa vijiji vya Karagwe aliyetaka kusoma barua-pepe alisafiri mpaka mjini, akalipa kwa dakika. Mwezi Julai mwaka 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kufanya kazi Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata simu ya mkononi ikawa ndiyo maktaba ya vijana wengi. Hivyo mwanafunzi wetu akaweza kusimama kilimani Mabira na kusoma karatasi za mafunzo zilizoandikwa Marekani.

Karatasi hizo zina historia ambayo wengi hawaijui. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana. Mwaka 1976 mwalimu Muriel Harris alianzisha huko chumba cha kusaidia uandishi. Mwanafunzi aliingia na andiko lake, akaketi pembeni ya msaidizi, wakalisoma pamoja. Pamoja na mazungumzo hayo kulikuwa na karatasi fupi za kuchukua nyumbani: juu ya alama za uandishi, juu ya aya, juu ya kutaja vitabu. Mwaka 1994 karatasi hizo zilianza kutolewa kwa njia ya mtandao, na tangu hapo watu wa dunia nzima wamezitumia. Ni zawadi kubwa, wala sisemi neno baya juu yake. Lakini tuone kilichosafiri na kilichobaki. Karatasi imefika Mabira. Kiti cha msaidizi kimebaki Indiana. Wale waliozitunga hawakudhani kwamba karatasi yatosha bila kiti.

Wapo waliolitambua pengo hilo. Mpango wa AuthorAID, ulioanzishwa mwaka 2007 na shirika la INASP la Oxford, uliwaunganisha watafiti wa nchi kama zetu na wenzao wenye uzoefu, ili mmoja amsomee mwingine kwa njia ya mtandao. Hapo nguzo ya uzio ilirudishwa, ingawa iko mbali.

7. Pengo haliko katika simu

Sasa turudi kwenye andiko la mwanafunzi wetu. Alikuwa amejifunza kwamba utangulizi mzuri una hatua tatu: kuonyesha eneo la mada, kuonyesha pengo ambalo wengine hawajalijaza, kisha kueleza jinsi mwandishi atakavyolijaza. Fundisho hili latokana na John Swales, mtaalamu Mwingereza wa lugha ambaye katika miaka ya 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Khartoum huko Sudan, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1990 kimeathiri masomo mengi ya uandishi tuyaonayo leo.

Fundisho hilo si geni kwa mwanafunzi wa Biblia. Luka, katika aya nne za kwanza za Injili yake, anakiri kwamba wengi wamekwisha kuandika kabla yake. Anataja walioshuhudia kwa macho. Anasema kwamba yeye amechunguza mambo yote tangu mwanzo. Na anaeleza kusudi la kuyaandika kwa taratibu. Tena anamtaja msomaji wake kwa jina, Theofilo. Hatua zote zimo. Tofauti iliyopo ni kwamba Luka alikuwa amefanya uchunguzi, na alimjua aliyemwandikia.

Mwanafunzi wetu aliandika kwamba utafiti juu ya usharika wake ni mchache. Sentensi ilikuwa sahihi, tena ilikaa mahali pake. Lakini hakuwa amemwuliza mzee hata mmoja. Mtandao ulimfundisha namna ya kusema kwamba kuna pengo. Haukuweza kumwonyesha pengo lenyewe, kwa kuwa pengo liko Mabira, katika vichwa vya watu ambao hawajaandika.

Nilimrudisha nyumbani na maswali matatu tu. Nani walileta neno la Mungu katika kijiji hiki? Kanisa la kwanza lilikuwa wapi, na kwa nini halipo pale tena? Ni jambo gani ambalo wazee wanahofu litasahauliwa? Alirudi baada ya majuma sita na andiko ambalo Kiingereza chake kilichechemea. Ndani yake mlikuwa na majina ya akina mama waliobeba mawe ya msingi vichwani, orodha ambayo haikuwa imeandikwa katika daftari lolote la usharika. Alikuwa pia ameketi na mzee mmoja na kumsomea aya zake kwa Kinyambo, na mzee alimsahihisha mara mbili juu ya mahali lilipokuwa kanisa la nyasi. Ndipo zile karatasi za mtandao zikawa na kazi ya kufanya: tulizitumia kunyosha sentensi na kupanga tanbihi, naye akazielewa upesi, kwa sababu sasa alikuwa na jambo la kusema. Mzee yule amekwisha kulala katika Bwana. Kama mwanafunzi angepata alama nzuri kwa andiko lake la kwanza, habari zile zingezikwa pamoja naye.

8. Mashine iandikayo

Tangu Novemba mwaka 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma, swali hili limekuwa zito zaidi. Hapo zamani mwalimu wa mbali alifundisha kuandika. Sasa yupo anayeandika mwenyewe akiombwa. Andiko lisilo na mtu wa Mabira ndani yake laweza kupatikana kwa dakika chache, nalo litakuwa na sarufi nzuri kuliko yangu. Wengine hudhani dawa ni kukataza. Nionavyo mimi, kukataza peke yake hakutafika mbali kwa mwanafunzi aliye peke yake kilimani usiku. Mwalimu anayetoa alama kwa umbo la andiko tu amekwisha kuikaribisha mashine hiyo darasani. Lakini akiuliza, "Ulimwuliza nani? Alijibu nini? Nani alikusikiliza ulipomsomea?", mashine haina jibu la kweli, na mwanafunzi mwenye bidii analo.

9. Mapendekezo na hitimisho

Kwa hayo yote napendekeza mambo manne kwa vyuo vyetu. Kwanza, karatasi zile njema za mtandao zitungiwe mwenzake kwa Kiswahili, kwa mifano ya sharika zetu, zichapwe na kugawiwa, kwa maana si kila mahali pana umeme wala mtandao. Pili, kila mwanafunzi awe na mwenzake wa kusomeana, na kila andiko lisomwe kwa sauti mara moja kabla ya kuletwa kwa mwalimu. Tatu, andiko linalohusu usharika lisomwe mbele ya wazee wa usharika huo kwa lugha wanayoielewa, na masahihisho yao yatajwe katika tanbihi kama tunavyowataja wataalamu. Nne, nakala moja ya kila andiko irudi usharikani, ili watoto wa Mabira wasilazimike kuitafuta historia yao katika vitabu vya London.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 twasoma habari za towashi Mwethiopia aliyekuwa akirudi nyumbani, ameketi garini na kitabu cha nabii Isaya. Alikuwa amesafiri mbali, na kitabu alikuwa nacho mkononi. Filipo alipomwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, alijibu kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, akamsihi Filipo apande aketi naye. Wanafunzi wetu leo wanavyo vitabu mikononi kuliko kizazi chochote kilichowatangulia. Basi sisi tulio walimu na wachungaji tuwe tayari kupanda na kuketi nao.